Mvua ya Hapa Inalea Nini? Namna ya Kupanga Mchanganyiko wa Mazao Kulingana na Eneo Lako

Nimezaliwa kihambani, yaani kwenye shamba la Wachaga linalozunguka nyumba, katika miteremko ya Kilimanjaro upande wa Marangu. Nilipohamia Kongwa, mkoani Dodoma, nilibeba machipukizi ya migomba kwenye kiroba pamoja na maharage ya mbegu niliyopewa na mama. Nikapanda kama tulivyozoea nyumbani: mgomba hapa, mahindi pembeni, maharage chini yake. Februari mvua ikakatika kwa wiki tatu mfululizo. Maharage yakapukutisha maua, migomba ikakauka kuanzia ncha za majani. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyelima pale tangu utoto wake, mvua ileile ilimpa mtama, njugu mawe na alizeti. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, ungeuliza kwanza mvua ya hapa inalea nini."

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwenye ekari moja hadi tano anayetaka kuacha kutegemea zao moja, ambaye ameona shamba zuri la mchanganyiko kwa ndugu wa mkoa mwingine akatamani kuwa nalo kwake. Kabla ya kununua mbegu, pitia hatua hizi. Nyingine zitakuchukua nusu saa, nyingine msimu mzima.

Hatua ya 1: Andika mvua ya shamba lako

Tanzania ina mitindo miwili mikubwa ya mvua. Kaskazini, pwani ya kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria hupata vuli, Oktoba hadi Desemba, kisha masika, Machi hadi Mei. Mikoa ya kati, magharibi, kusini na nyanda za juu kusini hupata msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au karibu na hapo. Mwenye misimu miwili akiharibikiwa vuli, ana masika ya kujitetea. Mwenye mmoja akikosea Desemba, anasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo huyu wa pili anahitaji mazao yenye umri tofauti yakiwa shambani kwa wakati mmoja, ili mvua ikikatika mapema angalau moja liwe limeshaiva, na ikirefuka angalau moja liwepo la kuinywa.

Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, Bukoba takriban 2,000. Lakini jumla hiyo haitoshi kukuongoza. Kinachoua zao ni siku kavu katikati ya msimu. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, lisimamishe mahali pa wazi mbali na mti na paa, na kila asubuhi pima kina cha maji kwa rula kabla ya kumwaga. Milimita 10 kwenye kopo maana yake kila mita moja ya mraba ya shamba imepata lita 10. Andika mambo matatu kwenye daftari: tarehe ya mvua ya kwanza ya kupandia, yaani iliyolowanisha udongo kwa kina cha kiganja au zaidi; kipindi kirefu kuliko vyote bila mvua; na tarehe ya mvua ya mwisho. Kama huna kumbukumbu, waulize wazee watatu wa kitongoji chako, kila mmoja peke yake, kisha linganisha majibu. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ufuatilie pia, ukijua kwamba unazungumzia kanda nzima, na shamba lako ni doa ndani yake.

Ukiona siku kavu zinazozidi kumi na nne hujirudia kila mwaka wakati mahindi yanatoa mbelewele, usiyape mahindi sehemu kubwa ya shamba. Mtama ukikosa maji huviringisha majani, ukasimama, ukasubiri. Mvua ikirudi unaendelea. Mahindi yakikosa maji wakati huo hayana namna ya kusubiri.

Hatua ya 2: Tembea shamba kutoka juu mpaka chini

Hatua hii ndiyo watu wanaoiruka kuliko zote, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Hakuna walioijua vizuri kama Wasukuma. Kwa mkulima wa Shinyanga au Mwanza, "shamba" si kipande kimoja cha udongo mmoja. Anaanzia juu penye mawe, anashuka kwenye kichanga anachokiita luseni, anafika kwenye udongo mzito zaidi wa itogoro, anamalizia mbugani kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Kila ngazi ina jina lake na kazi yake. Luseni inapokea mihogo, karanga, njugu mawe na viazi vitamu. Ngazi za katikati zinapokea pamba na mahindi. Bondeni anajenga majaruba, vile vikuta vya udongo vya kuzuia maji, anapanda mpunga. Mvua zikielekea kuisha, kwenye udongo mweusi wa mbuga anapanda dengu, ambazo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kutegemea mvua mpya.

Angalia akili iliyomo. Mwaka wa mvua nyingi mihogo ya bondeni ingeoza, lakini mpunga unacheka. Mwaka wa ukame mpunga unashindwa, lakini mihogo ya juu imesimama. Familia moja, mvua moja, na bado kuna cha kula. Kugawa mazao kwa mteremko kuna faida kuliko kuyachanganya yote kwenye udongo mmoja.

Fanya hivi kwako. Tembea na jembe, na kila unapoona rangi ya udongo au aina ya magugu imebadilika, chimba shimo la kina cha goti. Chukua udongo, ulowanishe, uviringishe kama unafinyanga. Ukikatika hauviringiki, ni kichanga. Ukitengeneza kamba ndefu unayoweza kuikunja duara bila kupasuka, ni mfinyanzi mzito. Ulio katikati ya hapo ndio tifutifu. Chora ramani kwenye karatasi, hata kama shamba ni ekari mbili. Mara nyingi utakuta udongo wa aina mbili, wakati mwingine tatu.

Hapa Kongwa tuna somo kubwa la udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, na Kongwa ndipo ulipoanzia. Walileta matrekta, wakang'oa vichaka, wakapanda karanga mahali pasipo na mvua ya kuaminika, kwenye udongo mwekundu ambao kiangazi huwa mgumu kama tofali. Karanga huzaa chini ya ardhi. Udongo ukishika, jembe halizitoi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Nami nataka hili lieleweke vizuri: karanga hazikuwa na kosa. Majirani zangu wanazilima mpaka leo, nusu ekari hapa, robo kule, kwenye vipande vya kichanga tu.

Hatua ya 3: Waulize wenyeji "kwa nini", usiishie kwenye "nini"

Kila eneo lina mchanganyiko wake wa zamani. Ukiutazama kwa juu unaona orodha ya mazao. Uliza sababu, utaona mtambo mzima.

Chukua kihamba chetu cha Uchagani. Mgeni anaona miringaringa na miti mingine juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na maboga ardhini. Anatamani. Haoni mifongo, mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani. Haoni ng'ombe aliyefungwa zizini, anayelishwa majani ya migomba na kurudisha samadi. Na zaidi ya yote haoni shamba la pili, la tambarare, ambako familia hushuka kulima mahindi na maharage na kurudi na mabua ya ng'ombe. Kihamba hakijitoshelezi, kinalishwa na shamba la chini. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliitambua Shimbwe Juu, juu ya Moshi, kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na inastahili. Lakini ukihamisha miti na migomba bila maji, bila zizi na bila shamba la pili, umehamisha picha tu.

Kagera nako kuna kibanja: migomba, kahawa ya robusta, maharage, vyote karibu na nyumba. Nguvu yake ilitoka kwenye rweya, nyika ya majani iliyozunguka kijiji, ambako nyasi zilikatwa za kutandaza na ng'ombe walichungwa ili samadi yao irudi kibanjani. Ng'ombe walipopungua, migomba ikadhoofu. Halafu mwaka 2006 ukaingia mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, na kaya zilizokula ndizi asubuhi na jioni zikabaki zinatazama mashina yakioza. Kama uko eneo hilo, ua dume liondoe kwa mti wenye panda badala ya kisu, mara baada ya chane ya mwisho kutoka, na panga lipitishe motoni kabla ya kugusa shina jingine. Pia usikose mihogo au viazi vitamu mahali fulani nje ya migomba.

Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali ambayo kwingine ingeshakuwa korongo. Wanakata nyasi, wanazilaza kwa mistari inayokatizana kama madirisha ya nyavu, kisha wanachimba udongo wa katikati na kuufunika juu ya nyasi. Panabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta: ngoro. Kazi hiyo hufanyika karibu na Machi, maharage yakapandwa juu ya matuta. Mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Kama una mteremko, jifunze ngoro hata kama hulimi maharage.

Iringa na Njombe kuna vinyungu, bustani za bondeni za kiangazi. Ni wazo zuri kwa mboga na mahindi ya kuchoma, ila kumbuka Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Hatua ya 4: Hesabu mikono na ng'ombe wa jirani

Watu hushangaa kwa nini mkulima wa Dodoma anapanda mahindi huku akijua mtama ndio unaostahimili. Nami nilishangaa mpaka nilipopanda mtama. Kwelea kwelea wakishuka, mtu anatakiwa awepo shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama, wiki kadhaa. Zamani ilikuwa kazi ya watoto. Sasa watoto wako shule, na hapo ndipo wanapopaswa kuwa. Mahindi yamefunikwa na maganda, ndege hawayawezi. Kwa hiyo ukipanga mtama, panga na mlinzi. Au panda aina zenye punje nyekundu zenye ukakasi, ambazo ndege hawazipendi sana. Au kubaliana na majirani mpande kwa pamoja ili hasara ya ndege igawanyike.

Chora kalenda ya miezi kumi na miwili. Kwa kila zao andika wiki ya kupanda, palizi ya kwanza, palizi ya pili na kuvuna. Ukikuta palizi za mazao matatu zimeangukia wiki moja na nyumbani mko wawili, punguza moja. Shamba lisilopaliliwa kwa wakati halina faida ya mseto. Lina magugu ya aina nyingi tu.

Jambo jingine la mikoa ya wafugaji: baada ya mavuno, mifugo huachiwa mashambani iyale mabua. Hiyo ni desturi na ina faida, kwa sababu samadi inabaki. Lakini zao lolote linalosimama kiangazi, kama mbaazi au mihogo, litaliwa. Babati na Karatu mbaazi hupandwa pamoja na mahindi, zikabaki shambani miezi kadhaa baada ya mahindi kuvunwa. Ukiihamishia desturi hiyo kijiji cha wafugaji bila kuzungumza na mtu, utakuwa umepanda malisho. Panda mazao ya muda mrefu karibu na nyumba, zungushia uzio wa mnyaa, na nenda kaongee na wenye ng'ombe kabla, siyo baada.

Hatua ya 5: Gawa ekari

Nitatumia shamba la ekari tatu la hapa Kongwa kama mfano. Wewe badilisha kulingana na daftari na ramani yako.

Ekari moja na robo ni mtama, chakula cha nyumba. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30. Aina iitwayo Macia ina punje nyeupe, ni fupi, inaiva mapema, na mtama mweupe una wanunuzi. Kama shamba lina kiduha, lile gugu lenye maua mekundu au ya zambarau linalonyonya mizizi, tafuta aina za Hakika au Wahi, zinazolistahimili.

Ekari moja ni alizeti, fedha. Hupandwa nyuma ya mtama, mara nyingi Januari, kwa nafasi ileile ya sentimita 75 kwa 30. Hivyo palizi yake haigongani na ya mtama.

Nusu ekari ni mikunde. Kwenye kichanga weka karanga na njugu mawe. Palipo na udongo mzito kidogo weka choroko, ambazo ndani ya miezi miwili na nusu hivi unazivuna. (Ukinunua mbegu kwa Mkenya, choroko kwake ni ndengu au pojo. Dengu za mbugani ni kitu kingine kabisa, usichanganye.)

Robo ekari ya karibu na nyumba ni mihogo, mita 1 kwa mita 1, takriban mashina 1,000. Hii ni ghala ya njaa. Chukua vipando kwenye mashina yasiyo na ugonjwa wa batobato, na pasua mzizi mmoja kabla ya kukubali: ukiwa na mabaka ya kahawia ndani, ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, kataa shamba zima la mbegu hiyo.

Mwaka unaofuata mtama uende palipokuwa na mikunde na sehemu ya alizeti, mikunde iingie palipokuwa na mtama. Usirudishe alizeti mahali pamoja mwaka baada ya mwaka.

Palipo na udongo mgumu, chimba mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo hapa Dodoma. Shimo ni sentimita 22 upana na 30 kwenda chini, sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mstari na mstari, udongo ukawekwa upande wa bondeni. Ndani weka majivu kidogo, samadi na masalia ya mazao, rudishia udongo ukiacha kibonde cha kukusanya maji, panda mbegu moja au mbili. Ekari nzima ni kama mashimo 7,500, na hayo ni mengi kwa mikono miwili. Anza na robo ekari wakati wa kiangazi, mashimo 40 kwa siku, na ndani ya wiki saba utakuwa umemaliza.

Kwa mwenzangu wa Mtwara au Lindi mgawanyo ni mwingine. Mkorosho hupandwa mita 12 kwa 12, miti 28 tu kwenye ekari, na miaka ya mwanzo katikati yake kuna nafasi kubwa ya mihogo, karanga na choroko. Itumie hiyo nafasi kabla matawi hayajakutana. Ndiyo inayokulisha ukisubiri korosho, na palizi ya mazao hayo ndiyo palizi ya mikorosho.

Hatua ya 6: Pima kama mseto unalipa

Usiniamini mimi wala bwana shamba, pima. Tenga vipande vitatu vya mita 10 kwa 10 kwenye udongo mmoja. Cha kwanza mahindi peke yake, cha pili mbaazi peke yake, cha tatu vyote kwa pamoja. Vuna, kausha, pima kwa mzani uleule.

Tuseme mahindi peke yake yametoa kilo 20 na kwenye mseto kilo 16: gawa 16 kwa 20, unapata 0.8. Mbaazi peke yake kilo 10, kwenye mseto kilo 6: ni 0.6. Jumlisha, unapata 1.4. Maana yake ili upate mavuno ya ekari moja ya mseto kwa kulima kila zao peke yake, ungehitaji ekari moja na sehemu nne za kumi. Jumla ikiwa chini ya 1, mazao yako yanagombana: panua nafasi, badilisha zao, au yatenganishe. Fanya misimu miwili kabla ya kuamua.

Hatua ya 7: Tazama soko, kisha jipe uwezo wa kusubiri

Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa wa mbaazi, iliweka ukomo wa mbaazi inazoagiza. Bei huku ikaanguka vibaya, na waliokuwa wamejaza shamba zima mbaazi kwa sababu ya bei ya miaka ya nyuma walibaki na magunia yasiyo na mteja. Waliokuwa nazo katikati ya mahindi walizila, wakauza kidogo, wakaendelea. Kwa hiyo kwa kila zao la kuuza jiulize: likikosa mnunuzi, nyumbani linalika? Kama haliliki, lisizidi theluthi moja ya shamba. Hicho ni kipimo changu mwenyewe na hakijawahi kunitupa.

Uliza pia zao linauzwa kwa njia gani wilayani kwako. Ufuta na korosho kusini hupitia vyama vya msingi vya ushirika na stakabadhi ghalani, yaani unapeleka mazao ghalani unapewa risiti, na malipo huja baada ya mnada, kwa hiyo ada ya shule ya Januari usiipangie fedha hiyo peke yake.

Mikunde na nafaka zihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Kausha mpaka punje ukiing'ata ivunjike badala ya kubonyea. Jaza mfuko wa ndani, kandamiza hewa itoke, pinda shingo na ufunge kwa nguvu. Kisha wa pili ufunge peke yake, kisha kiroba. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Usifungue kwa wiki kadhaa za mwanzo, maana wadudu waliomo ndani wanakufa kwa kukosa hewa, na kila ukichungulia unawarudishia pumzi.